Nusu ya Pili ya Wimbo

Katika chumba cha walimu shuleni kwetu, mwenzangu mmoja aliona ganda la CD likichungulia kwenye mkoba wangu, akalichomoa bila kuomba. Juu yake kuna picha ya bendi kongwe ya dansi: wazee waliovaa mashati ya kufanana, magitaa ya umeme yamewalalia vifuani, na maandishi makubwa yanayosema kwamba humo ndani mna nyimbo zao bora za miaka yote.

"Mwalimu wa fizikia," akasema, "hizi si ziko bure kwenye simu? Nani siku hizi ananunua CD?"

Swali lake lilikuwa la haki, ila kengele ilikuwa imelia na nilikuwa na kipindi, kwa hiyo nilimjibu kwa neno moja tu: inafaa. Naona nilimpunja. Hapa nitalijibu polepole, na jibu lenyewe linaanzia nyumbani kwetu Unyambwa, nje kidogo ya mji wa Singida, juu ya jiwe.

Nyuma ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa, mojawapo ya yale ambayo wageni wanaopita barabara kuu husimama kuyapiga picha. Sisi tulianikia juu yake uwele, nguo, na betri za redio. Kama hukulelewa na betri, nikueleze. Betri ikichoka haifi mara moja. Ukiianika juani inapata moto kidogo, na moto ule unaisukuma iseme maneno machache zaidi. Kila asubuhi baba alizitoa betri zake kwenye redio, akazipanga juu ya jiwe kama anayepanga mayai, akatuonya tusizikanyage. Jioni alizirudisha zikiwa na joto, na redio ikakohoa, ikaamka.

Uhai wa betri ulikuwa mfupi, kwa hiyo redio ilikuwa na sheria. Iliwashwa kwa ajili ya taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Jua likiwa limewaka vizuri, tuliruhusiwa kusikiliza wimbo mmoja au mbili katika salamu za wasikilizaji. Tena kwa baba, wimbo ni maneno. Mwimbaji alipomaliza beti zake, mkono wa baba ulikwenda kwenye kitufe. Tik.

"Wameshamaliza kusema," alisema. "Mgeni akishaaga, anabaki mlangoni kufanya nini?"

Ndivyo nilivyokua nikiamini kwamba nyimbo zinaishia hapo. Nilipofika chuo cha ualimu, jioni moja wenzangu walikuwa wamekaa kuizunguka redio bwenini. Mwimbaji akamaliza ubeti wa mwisho, nami, kwa malezi mema niliyopewa, nikainuka na kuizima. Nilizomewa hadi nikatoka nje. Mmoja akanifuata akicheka, akaniuliza, "Kwenu mnakula ugali mnaacha mboga?" Usiku ule ndipo nilipofundishwa kwamba nyimbo za dansi za zamani zina sehemu mbili. Katika ya kwanza waimbaji wanasimulia taratibu habari za mapenzi, safari au majirani wabaya. Kisha wananyamaza, ngoma zinageuka, na magitaa yanauchukua wimbo na kwenda nao mbali. Sehemu hiyo ya pili watu wa dansi wanaiita chemko, na ndiyo inayowainua watu vitini. Kumbe nyimbo nilizodhani nazijua, nilizijua kama mtu anavyoijua nyumba kwa kukaa barazani tu.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja nyumbani kwetu aliyekuwa amefika hadi ndani. Mama.

Kabla hajaolewa, mama alikwenda kumtembelea dada yake aliyekuwa ameolewa Mwankoko. Wakati huohuo bendi ile ikawa imekuja kutoka Dar es Salaam kupiga katika ukumbi mmoja mjini. Dada yake akamchukua. Mama alitusimulia habari ile mara nyingi akipepeta uwele, na kila mara alifika mahali palepale akaacha kupepeta: waimbaji walipomaliza wimbo mmoja wa habari za mtu anayesubiri basi lisilokuja, hawakushuka jukwaani. Walirudi nyuma hatua chache, wakawaachia njia wapiga magitaa.

"Lile gitaa jembamba," alisema, "lilikuwa linaongea peke yake. Likaongea weee. Watu wakaacha kucheza wakabaki wanalitazama."

Baba akiwa karibu hakuacha kumchokoza. "Mama yenu alisikia jenereta ya ukumbini. Wimbo ule naujua mimi. Mtu anasubiri basi, basi haliji, basi. Umekwisha."

"Baba watoto, uliuzima wewe!"

"Niliuzima umekwisha!"

Sisi watoto tulicheka na kuuita wimbo wa jenereta. Mama naye alicheka. Ulikuwa ni utani wa nyumba yetu, na kwa miaka mingi haukumuumiza mtu.

Mambo yalibadilika mama alipoanza kupoteza usikivu. Daktari alitueleza vizuri, nami niliyafurahia maelezo yake kwa sababu ni ya somo langu. Sikio linapozeeka halifungi mlango siku moja. Linaanza kuziacha sauti nyembamba, na zile nene hubaki. Mama bado alisikia trekta ikipita, radi, na baba akikoroma. Hakusikia tena vifaranga. Yeye amefuga kuku maisha yake yote, na sasa alijua kwamba kifaranga kimepatwa na jambo kwa kumwona mama yake akivimba manyoya. Tulipata kifaa cha kuvaa sikioni. Akakivaa siku chache, kisha akakifunga kwenye kitambaa na kukiweka kabatini. Wewe unayeijua Singida unajua upepo wetu. Kifaa kile kilizoa upepo wote wa Unyambwa na kummwagia kichwani. "Nikikivaa nasikia dunia inapepetwa," alisema.

Sikio la kushoto lilikwisha kufunga. La kulia lilikuwa linaaga.

Siku moja mama alimwambia mdogo wangu wa kike, kama mtu anayeomba maji ya kunywa, kwamba angependa kuusikia tena wimbo ule wa basi, ule mzima, kabla mlango haujafungwa. Mdogo wangu anaishi na simu yake mkononi. Akasema, "Mama, hilo tu?" Hata chai haikupoa, akawa ameupata. Akaisogeza simu kwenye sikio la kulia.

Mtu akasubiri basi, basi halikuja. Mwimbaji akamaliza. Ikasikika sauti ya mtangazaji wa redio wa zamani ikipita juu ya ngoma, kisha kimya.

Mama aliendelea kuinamisha kichwa. Tulimwangalia akisikiliza kitu ambacho hakikuwepo.

"Unaendelea?" akauliza.

"Umeisha, mama."

"Umeisha wenyewe, au ni mimi?"

Baba alikuwa amekwisha kuanza kucheka. "Nilisema mimi, jene..." Akamwona uso, akaacha neno katikati.

Mama akamrudishia binti yake simu. "Labda kweli ilikuwa jenereta," akasema, akaenda kuwafungia kuku, na jua lilikuwa bado liko juu.

Jambo hilo lilinishika. Kama wimbo ulikuwa na nusu ya pili na masikio yake ndiyo yameshindwa, amechelewa. Kama haukuwa nayo, basi kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kusikia hakikuwahi kuwepo. Hakuwa na njia ya kujua ni lipi, na sikio lililobaki halikuwa na subira.

Nilitafuta kila nilipoweza. Wimbo ulikuwepo mahali pengi, na kila mahali ulikatwa palepale. Nikaelewa sababu. Zamani wimbo mrefu haukutosha upande mmoja wa sahani ndogo ya santuri. Waliugawa: maneno upande huu, magitaa upande wa pili. Huu wa basi, redio iliupiga upande wa maneno tu. Watu wakarekodi kutoka redioni kwenye kaseti, kaseti zikaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta zikajaza simu. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa imefanyiwa kama sisi watoto wa Unyambwa. Kila mtu alikuwa na baba aliyezima.

Ndipo nikaiona ile CD mjini, katika duka dogo karibu na soko linalouza nyimbo za kwaya, chaja na makava ya simu. Nilipita nikaishika, nikaigeuza, nikairudisha. Kesho yake tena. Mwenye duka, mama mmoja mcheshi, akachoka.

"Mwalimu, hiyo unaisoma kila siku. Si dawa hiyo, haina maelekezo ya kumeza."

"Natafuta urefu wa nyimbo, dada. Hawakuandika."

"Urefu? Unataka kuzishonea nguo?"

Nilicheka, lakini sikuwa natania, na hapa naomba unisikilize hata kama hupendi dansi. Mkusanyiko wa nyimbo bora una mitego yake. Mtego wa kwanza ni nyimbo kupigwa upya. Wazee wengi wamefariki, vijana wamewekwa kwenye nafasi zao, kinanda kimewekwa palipokuwa na matarumbeta, na ganda halikwambii. Mtego wa pili ni kukata, ili nyimbo nyingi zienee kwenye CD moja. Wimbo wa kweli wa zamani, uliochukuliwa kwenye utepe wa studio na kuunganishwa pande zake zote mbili, ni kitu adimu. Ukiona mkusanyiko, usivutwe na picha. Tazama urefu wa wimbo. Wimbo wa dansi usiofikia hata muda wa kuchemsha chai umekatwa.

Nikamweleza mwenye duka haya yote, naye akanisikiliza akiwa ameegemea kaunta. Kisha akatoa CD nyingine kama ile, aliyoifungua kwa ajili ya kupiga dukani. "Maneno mengi, mwalimu. Wimbo upi?"

Akauweka. Nikaijua sauti ya yule mwimbaji, ileile, haikupigwa upya. Akasubiri basi lake. Beti zikapita. Mikono yangu ilikuwa imeshika ukingo wa kaunta. Mwimbaji akamaliza neno la mwisho, na mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa na tik, ngoma zikageuka. Zilijikunja kama mto unaokutana na jiwe, zikatoka upande wa pili zikiwa na mwendo mwingine kabisa.

"Zima!" nikasema.

"Nizime? Ndiyo kwanza wanaanza!"

"Zima dada, tafadhali. Naichukua."

Akazima, akanitazama. "Nimeuza miziki miaka mingi. Sijaona mtu anayelipia utamu halafu anaukimbia."

"Kuna mtu anatakiwa kuusikia kabla yangu."

Akanifungia ile mpya kwenye gazeti, bila utani sasa. "Basi wahi," akasema.

Jumapili baada ya ibada nikaenda Unyambwa na deki yangu ya zamani, mdogo wangu akaleta sabufa yake. Nikawaamkia wazee, shikamoo baba, shikamoo mama, nikaitikiwa. Baba akaikagua sabufa kwa nyuma na kwa mbele, akauliza inakula umeme kiasi gani. Mama alikuwa ametulia mno. Nadhani aliogopa. Nilimsogezea kigoda karibu na sabufa, sikio la kulia likiielekea, na nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya mbao zake. Sauti nene haiingii kwa sikio peke yake. Mfupa nao unasikia. Nimewafundisha wanafunzi jambo hilo kwa miaka mingi, na sikuwahi kulihitaji hadi siku ile.

Beti zikapita. Mama alizisema kimoyomoyo, midomo ikicheza. Lilipofika neno la mwisho nikaona mkono wa baba unanyanyuka. Haukutumwa na mtu. Ulijinyanyua kwa mazoea ya miaka ya betri, ukaenda moja kwa moja kwenye kitufe cha sabufa, na mama, ambaye macho yake yalikuwa yamefumbwa, akaudaka hewani.

"Mzee. Leo acha."

Ngoma zikageuka. Mama akafumbua macho. Alizisikia, niliona vidole vyake vimeshtuka juu ya mbao. Besi ikaingia chini ya ngoma, nzito, inatembea kama ng'ombe anayejua njia ya kurudi nyumbani. Mama akaanza kutikisa bega, kidogo tu.

"Subirini," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasioisikia sauti yao wenyewe. "Kwanza gitaa la kati... hilo. Sasa linazunguka. Linazunguka tena. Sasa jembamba linaingia. Sasa!"

Likaingia.

Sijui nikwambieje. Nimesoma mawimbi ya sauti, najua uzi unavyotetemeka na kwa nini. Hakuna nilichosoma kilichoniandaa. Gitaa lile liliingia juu kabisa, jepesi, safi, kama upepo wa asubuhi unapoingia kwenye shamba la alizeti na kila ua linaitikia kwa zamu. Mdogo wangu aliweka mkono mdomoni. Na mama aliendelea kuongea juu yake, hakunyamaza, na hapo nikajua: yeye alikuwa halisikii. Sauti ile ilikuwa nyembamba mno, haikupita mlango uliobaki. Alisikia ngoma na besi tu, na juu ya ngoma na besi alikuwa anaupanga wimbo uliobaki kutoka kichwani.

"Linapanda," alisema, na gitaa likapanda. "Linashuka ngazi, linasita kidogo, linajibiwa." Likashuka, likasita, likajibiwa. Aliusikia mara moja tu, akiwa msichana, katika ukumbi uliojaa watu na vumbi. Aliubeba kupitia harusi, mazao, ukame, watoto, miaka yote ya kuzimiwa redio, na hakuangusha hata noti moja. Mimi nimesahau nyimbo nilizosikiliza jana.

Baba alikuwa amesimama. Aliitazama sabufa, akamtazama mkewe, akaitazama tena sabufa.

"Kumbe haikuwa jenereta," akasema. Mama hakumsikia. Baba akainama hadi karibu na sikio lake la kulia, akarudia kwa sauti kubwa, mbele ya watoto wake: "Mama watoto! Haikuwa jenereta!"

"Nilikwambia!" mama akajibu, na akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu siku ya simu.

Kisha akanyamaza ghafla. Wimbo ulikuwa unaendelea, gitaa linaendelea, lakini yeye hakuwa na neno tena. Nikadhani amechoka.

"Hapa ndipo dada alinivuta mkono," akasema. "Shemeji yetu alikuwa mkali, ilibidi tuwahi. Tulitoka ukumbini hapahapa. Mbele sijui." Akanigeukia. "Linafanya nini sasa?"

Hakuwahi kutuambia hivyo. Miaka yote ile alikuwa na wimbo usio na mwisho, kama mimi nilivyokuwa nao, ila wake ulikatwa mbele zaidi.

Nikapiga magoti kando ya kigoda. Nikauchukua mkono wake mwingine, ule ambao haukuwa juu ya sabufa, nikaanza kumchorea kwa kidole kwenye mkono, kutoka kifundoni kwenda kwenye kiwiko, juu gitaa lilipokwenda juu, chini liliposhuka. Nikasema sikioni mwake, "Linarudi mwanzo, mama. Linauliza lile swali la mwanzo. Sasa yamekuwa mawili, yanafukuzana. Moja limetangulia. Limengojewa. Sasa yako pamoja." Nimekuwa mwalimu muda mrefu, nimeeleza mambo mengi kwa watu wengi, na sikuwahi kueleza kitu kwa uangalifu kama nilivyoeleza kile. Kila nilipokosea alijua, kwa sababu besi ilimwambia vingine. "Hapana," alisema, "bado halijashuka." Nami nikasikiliza vizuri zaidi, na kweli, lilikuwa bado halijashuka.

Magitaa yalianza kupungua. Nikamwambia, "Yanarudi nyuma, mama. Yanaacha nafasi." Sikujua ni nafasi ya nini. Hata mimi sikuwahi kufika huku.

Ikaingia saksafoni. Nene, pana, ya chini, ikajaza chumba na kutetemesha vikombe kabatini. Nilifungua mdomo kumwambia, lakini mama alikuwa amekwisha kuuondoa mkono wangu kwenye wake. Aliinua kidole kunitaka ninyamaze.

"Hii naisikia," akasema.